Umeshapanda Mara Ngapi?

Nilitumwa sindano moja na uzi mweupe, basi. Jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya duka la mwisho la Palabaddala, pale njia ya zamani inapoiacha barabara na kuingia mlimani, na Dada Kusuma alikuwa ameniambia mara tatu, kama anayesema na nguzo:

"Wimale, sindano na uzi. Usinirudie na kingine."

Nilirudi na sindano, uzi, na kichupa chini ya shati.

Kabla sijaenda mbali, unijue. Mimi ni Wimalasena, mchimba vito. Kuanzia Ratnapura mjini hadi vijiji vya juu, muulize yeyote anayeshika koleo, atakuambia hakuna anayenizidi kwa kunusa kito kilipolala, wala kwa kuimba mashairi ya kupandia mlima, wala kwa kusimulia. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha mimi, hatukuelewana. Kijijini waliniita Kiongozi. Waliotaka kwenda kusujudu Unyayo wa Buddha kule kileleni walikuja kwanza uani kwangu, nami niliwachorea njia mchangani kwa kijiti. Kwa nini wasije? Nilikuwa nimepanda mara kumi na tisa.

Ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Wewe nitakuambia ukweli, maana hunijui na hatutakutana dukani. Nilikuwa nimepanda mara mbili. Ya kwanza mabegani kwa baba, ya pili nikiwa kijana wa miaka ishirini. Hizo kumi na saba nyingine niliondoka nyumbani kwa ngoma na baraka pamoja na wenzangu wawili wa shimoni, tukaishia nyuma ya duka hilohilo la uzi, kwa karata na chupa, siku mbili. Kisha tuliziloweka taulo zetu mtoni ili zionekane zimepigwa na ukungu, tukarudi kijijini tunachechemea. Nilichechemea vizuri kuliko wote.

Tatizo ni kengele. Kule juu kuna kengele, na kila hujaji huipiga kwa idadi ya mara alizopanda, hazidishi hata moja. Mtu anaweza kumdanganya mkewe. Anaweza hata kumdanganya mnunuzi wa vito, jambo ambalo ni kazi kubwa zaidi. Kengele ile hakuna anayeidanganya. Kwa hiyo sikuwa na haraka ya kufika huko na shahidi pembeni.

Sasa, Mama.

Miaka minne kabla ya siku hiyo shimo liliniangukia. Nilikaa chini ya udongo usiku mzima na nusu ya mchana, nikipumua kwa tundu la kuingia ngumi. Wanaume walipokuwa wakichimba, Mama yangu, Podihamine, aliosha sarafu kwa maji ya binzari ya manjano, akaifunga katika kitambaa cheupe, akamwambia mungu Saman mwenye mlima: nirudishie mwanangu, nami nitaileta hii Unyayoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nikatolewa mzima. Sarafu ikaning'inia juu ya kitanda chake, na kila msimu wa hija aliniuliza, "Mwaka huu, mwanangu?" Na kila msimu Kiongozi alikuwa na sababu. Mvua. Goti. Ngazi zimebomoka.

Mwaka huo daktari alimsikiliza kifua, akatuita nje mimi na Dada Kusuma, akanong'ona kwamba moyo wa mama yetu umechoka, asipandishwe hata ngazi za hospitali. Mama alisikia kupitia pazia.

"Basi ni mwaka huu," akasema. "Nadhiri yangu sitaki itimizwe na maiti."

Ningeweza kuwapeleka kwa njia ya Hatton, fupi, yenye taa na ngazi nzuri. Lakini nilishasema mbele ya watu wazima kwamba njia ile ni ya watalii na wenye mafua. Kwa hiyo tulianza kupanda ile ndefu, siku tatu kabla ya mwezi mpevu wa sikukuu ya Vesak, msimu ukiwa unafungwa, watu wachache. Mama mgongoni kwangu, amefungwa kwa shuka, kitambaa cheupe kichwani kama wafungwavyo wanaopanda kwa mara ya kwanza. Dada Kusuma nyuma, na mfuko wa wali wa maziwa, na ulimi wake.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Miruba ilinipanda miguuni kana kwamba nami ni mlima wa hija. Nilipaka sabuni na chumvi, ikateleza, ikarudi. Mara mbili nilifuata kijia cha wakata kuni nikatukwamisha kwenye miiba.

"Kiongozi," Dada Kusuma aliita, na jina hilo lilimtoka likinuka siki. "Mbona unapapasa njia kama mgeni anayetafuta choo?"

"Mvua imeihamisha njia."

"Imeihamisha njia. Mlima ikauacha?"

"Dada, tuko mlimani. Maneno mazuri."

Hiyo ni sheria. Mlimani hakuna matusi, hakuna majivuno, na hakuna kuuliza imebaki kiasi gani. Ukiuliza, njia hurefuka. Sheria zote nazijua. Ningeweza kukuimbia.

Tukafika kwenye jabali la Nilihela. Husemwa kwamba zamani mwanamke aliyeitwa Nili aliteleza pale akatumbukia bondeni, na tangu hapo kila kundi linalopita humwita, bonde likaitika. Mama aliomba nimgeuze aangalie chini.

"Niliii!" akaita kwa sauti yake ndogo.

"Niliii…" bonde likajibu, kama inavyopasa. Mama akacheka kama msichana. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afe.

"Na wewe mwite basi," Dada Kusuma akasema. "Mwambie umeshapanda mara ngapi, huenda hajakusikia. Wengine wote tumekusikia."

Nilikuwa nimeonja kile kichupa mara mbili. Nikaweka mikono mdomoni.

"Nili! Ni mimi Wimale! Nimepanda mara kumi na tisaaa!"

Kimya.

Hata ndege walinyamaza. Nikasikia tone la maji likidondoka mahali fulani, kisha la pili.

Halafu kutoka chini, polepole, sauti ya mwanamke asiye na haraka…

"Mbili."

Nikashusha mikono mdomoni.

"Umesikia?" Dada Kusuma alinong'ona.

"Upepo."

"Upepo umejifunza kuhesabu?"

Nilihisi pumzi ya Mama ikisimama kidogo shingoni mwangu, kisha ikaendelea.

Magharibi ilitukuta pale mahali pa sindano. Hapo ndipo wanaopanda kwa mara ya kwanza huchoma sindano kwenye kichaka na kuuachia uzi ukifunguka nyuma yao wakiendelea kupanda. Kichaka kilikuwa kimejaa nyuzi za msimu mzima, zimelowa, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mama alikataa kusaidiwa. Alitunga uzi mwenyewe kwa macho yale yale yanayoshindwa kuchagua mawe kwenye mchele, akachoma sindano, na uzi ukafunguka nyuma yetu mweupe, unang'aa, hadi ulipoishia kwenye nguzo ya kibanda cha chai.

Kibanda chenyewe kilikuwa nguzo nne na paa la gunia na nailoni. Bibi mmoja, sikio moja lina hereni na jingine halina, alikuwa akifungasha sufuria kwenye kiroba. Akawasha kibatari. Kiberiti cha kwanza kilizima. Cha pili kikazima. Cha tatu kikashika. Harufu ya mafuta ya taa ikachanganyika na ya sukari guru. Alimpa Mama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Kiongozi," akasema, "umeshapanda mara ngapi?"

Sikumbuki kama mtu yeyote alikuwa ameniita Kiongozi mbele yake. Lakini Mama alikuwa anasikiliza, na Dada Kusuma alikuwa anasikiliza huku amekunja uso.

"Kumi na tisa, bibi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesogeza punje ya tasbihi.

"Haya. Pandeni."

Mbele ya kibanda palikuwa na jiwe kubwa, umbo la tembo aliyepiga magoti, na mwanga mwekundu wa jua la mwisho umekaa mgongoni pake. Njia inapinda nyuma ya jiwe hilo. Tukapinda. Tukapanda ngazi kama mia mbili, mbaya, za mawe yaliyokaa upande. Juu yetu tulisikia kundi la washukao likiimba shairi la rehema. Nikasema moyoni, hao tutakutana nao sasa hivi.

Hatukukutana nao.

Tulitokea kwenye kichaka cha sindano.

"Tumepotea," Dada Kusuma akasema.

"Mahali pa sindano ni pengi," nikasema. Uongo. Ni mahali pamoja tu.

Mama akanyoosha mkono kutoka mgongoni, akagusa uzi mmoja. "Huu ni wangu. Fundo ni langu." Uzi ulikuwa wa kijivu. Kama uliokaa pale mwaka mzima.

Tukaufuata. Ukatupeleka kwenye kibanda. Bibi alikuwa akifungasha sufuria kwenye kiroba. Kiberiti cha kwanza kikazima. Cha pili kikazima. Cha tatu… Mwanga mwekundu ulikuwa palepale mgongoni pa jiwe, haujashuka hata upana wa kidole.

"Kiongozi, umeshapanda mara ngapi?"

Alituangalia kama hajatuona tangu azaliwe.

Hasira zilinipanda kooni. "Kumi na tisa! Si nimekwisha kukuambia?"

"Haya," akasema. "Pandeni."

Nyuma ya jiwe nilimgeukia dada yangu. "Ni wewe! Uliuliza imebaki kiasi gani!"

"Mimi? Nimesema 'magoti yangu'. Kusema magoti ni kuuliza njia?"

"Basi ulikula kitoweo. Tuliambiwa wiki nzima hakuna samaki wala nyama. Nilinusa samaki mkavu kwenye mfuko wako."

"Ulinusa pumzi yako mwenyewe, Wimale. Na ungenusa vizuri ungejua si samaki."

"Watoto," Mama akasema, "tuko mlimani."

Sauti yake ilikuwa ya mbali kidogo, ingawa mdomo ulikuwa karibu na sikio langu.

Ngazi mia mbili. Kundi linaimba juu, karibu tu, nyuma ya ukungu… karibu tu… Nikapiga mbio. Nilipiga mbio na mama mgongoni, mimi mtu wa miaka hamsini na moja! Nikakata kona.

Kichaka cha sindano.

Uzi wa Mama ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Sindano imeshika kutu.

Sitakuficha, nililia kwa uchungu wa kuchoshwa. Si kwa hofu, hofu ilikuja baadaye. Ilikuwa ile hasira ya mtu anayechota maji kwa kikapu. Nikasema hapana, tunashuka. Tukashuka kwa njia tuliyopandia, hatua kwa hatua, Dada Kusuma ameshika ncha ya shuka langu. Ukungu ukafunga. Harufu ya mafuta ya taa ikaja. Tulikuwa tunashuka, naapa tulikuwa tunashuka, na tukatokea kibandani kutoka chini, kama watu wanaopanda.

Kiberiti cha kwanza kikazima.

"Usimjibu," Dada Kusuma akanong'ona.

Cha pili kikazima.

"Wimale. Mwambie kitu kingine. Mwambie chochote."

Cha tatu.

"Kiongozi, umeshapanda mara ngapi?"

Unajua nilichofikiria? Nilifikiria kijiwe chetu pale njia panda. Nilifikiria wale vijana wa shimoni wanavyonisogezea kiti. Nikafikiria Dada Kusuma akirudi kijijini na habari hii mdomoni, ikiwa tamu kama asali. Na kulikuwa na jambo jingine. Mzigo wangu ulikuwa umekuwa mwepesi. Mwanzoni Mama alinikata mabega. Sasa nilipanda kama nimebeba kikapu cha nguo. Nikajiambia, Wimale, wewe ni dume, mwili umezoea. Nikafurahi.

Nikafurahi, unasikia?

"Kumi na tisa," nikasema.

"Haya. Pandeni."

Mara ya nne tulipofika kichakani, uzi ulikatika nilipougusa. Ulibaki vumbi vidoleni. Tukaenda hadi kibandani. Njiani, kwenye ngazi, kitu kililia juu ya jiwe… kling… kikaviringika.

Bangili ya Mama.

Ile ya fedha aliyovishwa siku ya ndoa. Haikuwa imetoka mkononi mwake tangu siku hiyo. Alipovimba mikono, sonara alitaka kuikata, akakataa. Sasa ilikuwa imempita kiganja na vidole kama pete kubwa kwenye kijiti.

"Mwangalie Mama," Dada Kusuma akasema. Hakuwa na utani tena hata chembe. "Wimale, geuza kichwa umwangalie."

Sikutaka. Nikageuza.

Tulipoondoka nyumbani nywele zake zilikuwa za kijivu, nyingi, za kufunga fundo. Sasa zilikuwa nyeupe tupu, na ngozi ya kichwa ilionekana katikati yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa akinitabasamia kama mtu anayekutazama kutoka dirisha la treni, na treni imeshaanza kwenda.

Hapo nikaelewa. Kila mzunguko ulikuwa msimu. Nilidai misimu kumi na saba ambayo sikuipanda, na mlima ulikuwa unanipandisha mmoja mmoja. Miguu ilikuwa yangu. Miaka ilikuwa inachukuliwa kwake.

Bibi alishika kiberiti lakini hakukiwasha. Alisubiri.

"Kiongozi, umeshapanda…"

"Mbili!" nikasema. Ilinitoka kama jino. "Mara mbili, bibi. Moja mabegani kwa baba, moja kwa miguu yangu. Nyingine zote nilikuwa nyuma ya duka. Mama, nilikuwa nyuma ya duka. Nilikuwa naloweka taulo mtoni."

Kiberiti cha kwanza kikashika.

Na jua likazama papo hapo, kama taa iliyofunikwa na chungu. Giza likaingia, na sauti za watu zikaingia pamoja nalo: wazee wanaohema, wanawake wanaoimba, mtu anayelaani miruba kwa maneno mazuri. Njia ilikuwa na mahujaji tena. Kundi la washukao likatupita likisema, "Rehema iwashukie mnaopanda!" Nilipogeuka kumtazama bibi, alikuwa ameshatupa mgongo, anafunga kiroba chake, mchuuzi tu wa mwisho wa msimu.

"Nilijua," Mama akasema shingoni mwangu.

"Ulijua nini, Mama?"

"Taulo. Ukungu haunuki pombe, mwanangu."

Tukapanda.

Tulifika kileleni alfajiri. Upepo ulikuwa unakata. Mama alishuka mgongoni, akaingia kwenye kijumba cha Unyayo kwa miguu yake, akishikilia ukuta, akafungua kile kitambaa cheupe cha sarafu. Kitambaa kilimvunjikia mkononi kama jani kavu. Sarafu ilikuwa laini pande zote mbili, haina nambari wala nembo, kama iliyoshikwashikwa na vizazi. Akaiweka. Alikaa pale chini kwa muda mrefu, viganja vimekutana, midomo inacheza. Kisha akaomba tumpeleke kwenye kengele.

Watu walikuwa wamepanga mstari. Kijana aliye mbele yetu alipiga tano, wenzake wakamshangilia. Nikamwekea Mama kamba mkononi.

"Moja tu, Mama," Dada Kusuma akasema kwa upole. "Mara ya kwanza ni moja."

Mama akavuta. Kengele ikalia, safi, ikaenda zake juu ya mawingu.

Akavuta tena.

"Mama, ni moja tu…"

"Nimepanda, nimehesabu," Mama akasema. Akavuta ya tatu. Akavuta ya nne.

Nne. Nikapumua. Sawa, nikasema moyoni, ni haki yake, kibandani tulipita mara nne.

Akavuta ya tano.

Dada Kusuma akainua macho akanitazama.

Ya sita.

Ya saba. Watu kwenye mstari walikuwa wameanza kutabasamu na kumpa heko bikizee aliyepanda mara nyingi hivyo. Dada Kusuma hakutabasamu.

Ya nane. Akaachia kamba.

Basi. Nimekudanganya na wewe. Nilisema bangili ilianguka mara ya nne, na hilo ni kweli. Nilisema nilimtazama, na hilo ni kweli. Lakini sikusema mbili. Niliiokota bangili, nikaitia mfukoni, nikamtazama yule bibi usoni, nikasema kumi na tisa.

Mara nne zaidi. Dada Kusuma akinipiga mkononi kwa ngumi, akinililia, nami nikiziba masikio kwa hasira, nikidhani mlima utachoka kabla yangu. Na mgongo wangu ukizidi kuwa mwepesi… na mwepesi… Ile "mbili" iliyonitoka kama jino ilinitoka mara ya nane, wakati mkono wake shingoni haukuwa tena na uzito wa mkono.

Nimeisimulia hadithi hii kwenye vijiwe vingi vya ugenini, na kila mara hukiri mapema. Mara ya pili. Mara ya tatu. Wewe nimekupa ya nne.

Zamu yangu ya kengele ikafika. Nilivuta mara tatu, kwa zile mbili na hii. Hakuna aliyenishangilia.

Tukashuka mchana kweupe. Mahali pa sindano, nyuzi zilikuwa nyingi, lakini sikuuona wa Mama. Kibanda kilikuwa kimebomolewa, zimebaki nguzo nne na alama ya jivu. Hilo halinisumbui. Kila mwaka vibanda hubomolewa msimu ukiisha.

Kinachonisumbua ni jabali la Nilihela. Tulipita pale midomo imefungwa, sisi watatu. Hakuna aliyeita. Nyuma hapakuwa na mtu, mbele hapakuwa na mtu. Tukiwa katikati kabisa, bonde likafumbua kinywa.

"Kumi na tisaaa…"

Sauti yangu. Ile ile niliyoiacha pale jana yake, yenye kichupa ndani na furaha ndani.

"Usiitike," Mama akaniambia.

Sikuitika. Mama hakuuona mwezi mpevu uliofuata ule wa Vesak. Daktari alipokuja kuandika cheti alinivuta pembeni na kuniuliza umri wake, nilipomtajia akanitazama, akaniuliza tena. Dada Kusuma hajasema neno kijijini. Ingekuwa heri aseme.

Siku hizi napanda kila msimu, peke yangu, hadi juu. Bangili ninayo mfukoni. Wale vijana wa shimoni wakiniuliza nimeshapanda mara ngapi, nasema nendeni mkaulize kengele. Na kila nikipita Nilihela, ile sauti huniita kumi na tisa. Mimi nazeeka. Yenyewe haizeeki.

Mwaka jana, kabla haijaita, nilisikia kitu kingine huko chini. Mtu alicheka, kidogo tu, kama msichana.

Nikasimama ukingoni. Nikasogea mbele zaidi ya inavyofaa, jiwe moja likateleza chini ya kisigino changu na sikulisikia likifika. Nikanong'ona hesabu yangu ya kweli, yote, pamoja na zile nane.

Bonde halikuitika. Lilinyamaza tu… kama mtu anayehesabu upya.